Jinsi ya Kunakili Faili Kwenye Folda za Linux Zinazolindwa

Mteja mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye kazi yake ni kuchapa kadi za harusi na tenzi za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, aliniletea kompyuta yake akilalamika kuwa fonti alizopewa kwenye flashi "hazikai". Alikuwa amezinakili kwa kipanya kama anavyonakili picha, lakini alipofika kwenye folda ya /usr/local/share/fonts alikuta neno la kubandika limefifia na halibofyeki. Alipojaribu kupitia terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, alijibiwa kwa maneno mawili tu, "Permission denied", yaani amenyimwa ruhusa. Kijana wa mtaani kwao alikuwa tayari amemshauri aifungue folda nzima kwa kila mtu, na ni bahati kwamba hakuufuata ushauri huo kabla ya kufika kwangu Mwembe Tayari. Kule kunyimwa ruhusa si tatizo kubwa, kwa kuwa dawa yake ni neno moja. Kazi iko katika kuhakikisha kwamba faili, ikishaingia, inabaki na mwenyewe anayefaa na ruhusa zinazofaa.

Katika Linux kila faili na kila folda ina mwenyewe, ina kundi, na ina ruhusa za aina tatu, ambazo ni kusoma (r), kuandika (w) na kutekeleza (x). Folda yako binafsi iliyo chini ya /home ni mali yako na unaweza kuifanya upendavyo. Folda kama /etc, /usr, /opt na /boot ni mali ya akaunti moja iitwayo root, ambayo ndiyo yenye mamlaka juu ya kompyuta nzima. Ukitaka kuona hali ya folda fulani kabla ya kuigusa, andika amri hii:

ls -ld /usr/local/share/fonts

Mwanzoni mwa jibu utaona maandishi kama haya:

drwxr-xr-x 3 root root

Herufi d inaonyesha kwamba hii ni folda. Herufi tatu zinazofuata, rwx, ni ruhusa za mwenyewe, ambaye hapa ni root. Tatu za katikati, r-x, ni za kundi. Na tatu za mwisho, r-x, ni za watu wengine wote. Mimi na wewe tumo miongoni mwa hao wengine, na kwa kuwa hatuna herufi w, hatuna ruhusa ya kuandika. Hali yetu ni ya mgeni wa barazani, ambaye anakaa, anakunywa kahawa na kuona watu wakiingia na kutoka, lakini hahamishi viti vya ndani.

Kabla ya kutafuta mamlaka ya root, jiulize kwanza kama unayahitaji. Kama fonti zitatumiwa na wewe peke yako, zinakili katika ~/.local/share/fonts (alama ya ~ ni folda yako binafsi), na kama ni programu ndogo uliyoiandika mwenyewe, iweke katika ~/.local/bin, hutaulizwa nywila wala hutamwathiri mtu mwingine. Watu wengi wanaokuja kwangu na tatizo hili hawakuwa na sababu yoyote ya kugusa folda ya mfumo. Mchapaji wetu alikuwa nayo, kwa kuwa kompyuta ile inatumiwa na watu watatu wenye akaunti tatu tofauti, na wote huchapa kazi zilezile.

Swali la pili ni kuhusu folda gani hasa. Programu zinazokuja na mfumo zinawekwa chini ya /usr/bin na /usr/share, na sehemu hizo husimamiwa na programu ya kusakinisha vifurushi, yaani programu na faili zilizofungashwa tayari kwa ajili ya mfumo. Ukipachika faili yako humo, sasisho la wiki ijayo linaweza kuifuta au kuandika juu yake bila kukuuliza. Kwa ajili ya vitu vinavyoongezwa na msimamizi wa kompyuta kwa mkono wake kuna /usr/local, ambayo masasisho hayaiingilii. Programu huenda /usr/local/bin, na fonti huenda /usr/local/share/fonts. Vilevile angalia kama kitu unachotaka kukinakili hakipatikani tayari kama kifurushi. Fonti ya Amiri, kwa mfano, ambayo inasomeka vizuri sana kwa hati za Kiarabu, husakinishwa katika Debian na Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, kwa amri moja:

sudo apt install fonts-hosny-amiri

Ikiwa kifurushi kipo, kitumie, kwa maana kitasasishwa na kuondolewa kwa utaratibu. Fonti za mteja wangu hazikuwa kwenye kifurushi chochote, naye alizitaka hizo hizo kwa sababu zina maumbo anayoyapenda ya herufi za p, ch na v, ambazo Kiarabu chenyewe hakina lakini Kiswahili hakiandikiki bila hizo.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, yaani sudo. Programu hii ilianza kuandikwa na Bob Coggeshall na Cliff Spencer karibu mwaka wa 1980 katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la New York huko Marekani, na kazi yake mpaka leo ni kumruhusu mtumiaji aliyeidhinishwa kutekeleza amri moja kwa mamlaka ya root na kisha kurudi kuwa mtu wa kawaida. Ukiiandika mbele ya amri, utaulizwa nywila yako mwenyewe, wala si ya root. Unapoiandika, mara nyingi hakuna herufi wala nukta inayoonekana kwenye skrini; wapo waliodhani kwamba kibodi imekufa wakaizima kompyuta. Andika tu hadi mwisho, kisha bonyeza Enter. Katika Ubuntu hutaulizwa tena kwa muda wa dakika 15 katika terminali hiyo hiyo, kwa hiyo ukiinuka kwenda kusali au kununua mahamri na kompyuta iko mahali pa watu, andika kwanza sudo -k ili idhini hiyo ifutwe mara moja.

Ukiambiwa kwamba jina lako halimo katika faili ya sudoers, yaani orodha ya walioidhinishwa, maana yake akaunti yako haijaidhinishwa. Kundi lenye idhini huitwa sudo katika Debian na Ubuntu, na wheel katika Fedora. Mtu mwenye mamlaka ndiye atakayekuongeza kwa amri ya usermod -aG sudo ikifuatiwa na jina lako, kisha utoke na kuingia upya. Asiisahau herufi a katika amri hiyo, kwa maana bila yake utaondolewa katika makundi mengine yote uliyokuwamo.

Njia ambayo wengi wanaifahamu ya kunakili ni hii:

sudo cp fonti.ttf /usr/local/share/fonts/

Amri hiyo ni sahihi, na mara nyingi inatosha, lakini ina mtego ambao ndio uliomshinda mteja wangu hata pale alipofundishwa sudo. Faili mpya inayoundwa na sudo cp huwa mali ya root, lakini ruhusa zake huigwa kutoka kwa faili ya asili. Baadhi ya fonti zake zilikuwa na ruhusa za 600, yaani mwenyewe tu ndiye anayeweza kusoma na kuandika. Zilipokuwa zake aliweza kuzisoma. Zilipogeuka kuwa za root, hakuna mwingine aliyeweza kuzisoma. Kwa hiyo faili zilikuwamo, alizihesabu kwa macho yake, ila LibreOffice, programu anayochapia, haikuonyesha hata moja. Nilipoandika ls -l ndani ya folda ile niliona mistari inayoanza na -rw------- na kufuatiwa na root root, na hapo hapakuwa na la kutafuta zaidi.

Upo pia mtego wa upande wa pili. Baadhi ya watu hutumia cp -a au mv ili "kila kitu kibaki kama kilivyo", na kweli kinabaki, pamoja na umiliki. Ukiihamisha programu yako kwenda /usr/local/bin kwa sudo mv, itakaa ndani ya folda ya mfumo ikiwa bado ni mali ya akaunti yako ya kawaida, na programu yoyote mbaya itakayopata nafasi katika akaunti hiyo itaweza kuibadilisha, kisha ikasubiri siku msimamizi atakapoitekeleza kwa sudo. Na faili zinazotoka kwenye flashi zina kasoro ya tatu: flashi nyingi hutumia mpangilio wa FAT, ambao hauhifadhi ruhusa za Linux kabisa, kwa hiyo mfumo hubuni ruhusa zake na kuzipa faili zote kwa pamoja, na si ajabu ukakuta picha imeandikwa kuwa inatekelezeka.

Kwa sababu hizo, mimi sitegemei cp kwa kazi hii. Natumia install, amri ambayo jina lake hudanganya, kwa maana haisakinishi kifurushi chochote. Inachofanya ni kunakili faili na kuipa papo hapo ruhusa unazozitaja, bila kujali ile ya asili ilikuwaje. Kwa fonti za mteja wangu, zilizokuwa ndani ya folda ya fonti katika nyumba yake, nilitumia mistari hii miwili:

sudo install -d -m 755 /usr/local/share/fonts/hati

sudo install -m 644 ~/fonti/*.ttf /usr/local/share/fonts/hati/

Mstari wa kwanza unaunda folda mpya iitwayo hati, ambayo kila mtu anaweza kuingia lakini ni root tu anayeweza kuandika. Mstari wa pili unanakili fonti zote na kuzipa 644, yaani root anasoma na kuandika, na wengine wote wanasoma tu. Kama ungekuwa unaweka programu au skripti katika /usr/local/bin, ungeandika 755 badala ya 644 ili watu waweze kuitekeleza. Namba hizo mbili zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi za kila siku. Baada ya hapo mfumo unaarifiwa kuhusu fonti mpya, na unakaguliwa kama umezitambua:

sudo fc-cache -f

fc-list | grep hati

LibreOffice iliyokuwa wazi wakati huo lazima ifungwe na kufunguliwa upya, la sivyo itaendelea na orodha yake ya zamani.

Kuna mkwaju mdogo (/) ninaopenda watu wauzoee, nao ni ule unaowekwa mwishoni mwa jina la folda. Ukiandika sudo cp kazi.sh /usr/local/bini bila mkwaju, huku kidole kikiwa kimeongeza herufi i, Linux haitalalamika. Itaunda faili mpya iitwayo bini, na wewe utashinda ukiitafuta skripti yako. Ukiandika /usr/local/bini/ pamoja na mkwaju, amri itakataa kwa kuwa folda hiyo haipo. Na badala ya kuandika njia nzima kwa mkono, bonyeza Tab ili terminali ikumalizie jina.

Faili za /etc zinahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu humo mara nyingi huweki kitu kipya bali unabadilisha kilichopo. Jambo moja ni la kukupa nafuu: cp inapoandika juu ya faili iliyokuwapo, hubadilisha yaliyomo tu, na faili hubaki na mwenyewe wake na ruhusa zake za awali. Amri ya install haina tabia hiyo, kwani inaiondoa faili ya zamani na kuweka mpya yenye ruhusa ulizozitaja wewe. Kwa hiyo katika /etc mimi hurudi kwenye cp. Hata hivyo, weka kwanza nakala ya akiba, na usiiweke ndani ya folda ile ile, kwa sababu baadhi ya programu husoma kila faili zinayoikuta katika folda yake ya mipangilio kwa kutazama mwisho wa jina tu, nazo zitaisoma nakala yako ya zamani pamoja na ile mpya. Unda mahali pake:

sudo install -d -m 700 /root/akiba

sudo cp -a /etc/hosts /root/akiba/

Hapa cp -a ndiyo inayofaa, kwa kuwa nakala ya akiba inatakiwa ifanane na ya asili katika kila kitu. Siku ya kurudisha, utainakili kwa amri hiyo hiyo kuelekea upande wa pili.

Kosa linalowashangaza hata watu waliozoea ni la kuongeza mstari mmoja kwenye faili ya mfumo. Tuseme ofisi ina printa yenye anwani ya 192.168.1.50 na unataka kompyuta iitambue kwa jina. Ukiandika sudo echo "192.168.1.50 printa" >> /etc/hosts utanyimwa ruhusa ingawa umetumia sudo. Sababu ni kwamba alama ya >> haitekelezwi na sudo. Inatekelezwa na sheli, yaani programu inayosoma amri zako, nayo hujaribu kuifungua faili kwa mamlaka yako ya kawaida kabla sudo haijaanza kazi. Andika hivi badala yake:

echo "192.168.1.50 printa" | sudo tee -a /etc/hosts

Tazama vizuri ile -a. Bila hiyo, tee itafuta yote yaliyokuwamo na kubakiza mstari wako peke yake.

Alama ya nyota nayo hufasiriwa na sheli kwanza. Ukiandika sudo cp /root/akiba/* /etc/ utaambiwa faili hizo hazipo, kwa sababu sheli yako haina ruhusa ya kutazama ndani ya /root ili kujua nyota inawakilisha nini. Taja majina ya faili moja moja. Kazi hiyo ni fupi kuliko maelezo ya namna ya kuikwepa.

Wasiopenda terminali wanayo njia ya kipanya. Katika programu ya faili ya GNOME, yaani mazingira ya madirisha yanayotumiwa na Ubuntu na Fedora, bonyeza Ctrl na L, kisha andika admin:///usr/local/share/fonts katika sehemu ya anwani, na utaulizwa nywila. Katika Linux Mint, bofya kulia ndani ya folda na uchague kuifungua kama root, na dirisha litakalofunguka litakuwa na utepe mwekundu wa kukuonya. Sishauri kuiendesha programu nzima ya faili kwa kuandika sudo mbele ya jina lake, kwa maana inaweza kuacha katika nyumba yako faili za mipangilio zilizo mali ya root, na siku inayofuata programu hiyo hiyo ishindwe kuziandika. Pia kumbuka kwamba kipanya hakikuulizi ruhusa ziwe 644 au 755, kwa hiyo ukimaliza, rudi ukague kwa ls -l.

Ule ushauri wa kijana wa mtaani nauzungumzia kwa sababu nimeona matokeo yake. Mwanafunzi mmoja wa Kisauni alichoshwa na kunyimwa ruhusa, akaandika sudo chmod -R 777 /usr, amri inayompa kila mtu ruhusa zote juu ya kila kitu kilichomo. Kompyuta haikuzimika wala haikulia. Alipotaka kutumia sudo mara ya pili, iligoma na kusema kwamba faili yake ni lazima iwe mali ya root na iwe na alama maalumu ya setuid, ambayo ndiyo inayoiwezesha kutoa mamlaka. Amri yake ilikuwa imeifuta alama hiyo kwenye sudo yenyewe na kwenye programu nyingine zinazoitegemea, kwa hiyo ufunguo wa kurekebishia kosa ulikuwa umevunjika pamoja na kufuli. Tuliokoa kazi zake kwa kuiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi, tukasakinisha mfumo upya, na alasiri yote ikaishia hapo. Ukisoma popote kwamba dawa ya kunyimwa ruhusa ni 777, achana na maelekezo hayo yote, hata sehemu zake zinazoonekana nzuri.

Hutokea pia ukatumia sudo ipasavyo na bado ukakataliwa. Ukiambiwa "Read-only file system", diski imefungwa isiandikwe. Hapa kwetu sababu ya kawaida ni stima kupotea ghafla: Linux ikigundua makosa kwenye diski, hujifunga kwa kusoma tu ili isizidishe uharibifu. Amri ya findmnt / itakuonyesha neno ro mahali palipostahili kuwa rw. Usilazimishe, washa kompyuta kwa flashi ya Linux na uikague diski kwa fsck ikiwa haijaunganishwa na mfumo (unmounted). Kuna matoleo ya Linux, kama Fedora Silverblue, ambamo /usr imefungwa kwa makusudi, na huko hakuna hitilafu ya kutengeneza.

Ukiambiwa "Operation not permitted" hali ya kuwa wewe ni root, chunguza faili kwa lsattr. Ikiwa ina herufi i, mtu aliifunga isibadilishwe na yeyote, na sudo chattr -i itaifungua. Lakini tafuta kwanza aliyeifunga na sababu yake. Katika Fedora kuna tabaka jingine la ulinzi liitwalo SELinux, ambalo hubandika kila faili lebo. Faili iliyonakiliwa hupata lebo ya folda inayoingia, ilhali iliyohamishwa kwa mv huja na lebo yake ya zamani na huenda programu ikakatazwa kuisoma ingawa ruhusa zote zinaonekana sawa. Amri ya sudo restorecon -v ikifuatiwa na jina la faili huirudishia lebo inayostahili.

Mchapaji alirudi baada ya siku chache akitaka kuondoa fonti mbili ambazo herufi yake ya ch ilikuwa ikikatika nukta ya chini. Kwa kuwa zote zilikuwa katika folda yake ya hati, hatukuhitaji kukisia zipi ni zake na zipi ni za mfumo. Tulizitaja kwa majina katika sudo rm, bila nyota, tukaendesha tena fc-cache, na akaondoka na kadi yake ikiwa tayari kuchapwa.